Mama Alisema Bado

Jumanne, 1 Julai

Hili sijamwambia mtu. Hata Mungu nimemwambia nusu tu.

Nimeandika uongo kwenye kitabu cha mama.

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne zote. Nimeosha sahani. Baba bado yuko mpakani na makaratasi ya malori, hiyo ndiyo kazi yake hapa Malaba. Mama akafuta mikono kwa leso, akaleta kitabu cha darasa la ndoa. Kitabu ni cha Kiingereza na mama aliacha shule darasa la nne. Kiswahili anasoma, pole pole, akifuata na kidole. Kwa hiyo mimi nasoma swali, naligeuza, yeye anajibu, naandika jibu kwa Kiingereza. Mama Kasisi, mke wa kasisi wetu, ndiye anafundisha hilo darasa na ndiye anasoma majibu. Wachumba ni jozi nne. Tatu ni vijana. Ya nne ni wazazi wangu. Wameishi pamoja miaka kumi na saba na hawajawahi kufunga ndoa kanisani.

Swali la kumi na nne. Kuna jambo kubwa mwenzako alikukosea? Umemsamehe?

Mama aliikunja leso mpaka ikawa ndogo. Kisha: "Andika bado."

Nikauliza, bado nini?

"Bado. Wewe andika tu hivyo. Mama Kasisi ataelewa."

Nikaandika ndiyo. Nikaandika kwamba amemsamehe kabisa. Halafu nikaongeza, kwa moyo wake wote. Hakuna aliyeniambia niongeze.

Mama akachungulia ukurasa. Akasema mwandiko wangu ni mzuri.

Nikafunga kitabu.

Alhamisi, 3 Julai

Kitabu kimeenda. Mama alikipeleka jana, kitabaki kwa Mama Kasisi mpaka harusi. Nilitaka kukichukua nirekebishe kwanza. Sikufanya. Mimi ni mtu wa kutaka tu.

Kwa nini niliandika vile? Hapa naweza kusema kweli, hakuna anayesoma.

Nataka harusi. Ni tarehe mbili Agosti, shule zikishafungwa. Suti ya baba iko tayari. Gauni la mama liko kwa fundi Busia. Tena kuna Mercy wa darasa letu. Alisikia habari, akasema mbele ya Fomu Thrii nzima, "Wengine watabeba maua kwenye harusi ya wazazi wao! Miaka kumi na sita! Kikapu kitamtosha kweli?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nachukia kwamba nilicheka.

Lakini hiyo si yote. Nafikiri niliogopa. Bado ya mama naijua.

Miaka miwili iliyopita Kukhu alifariki, mama yake mama, kule Osieko ziwani. Tulienda mimi, mama na mdogo wangu Ekisa. Baba akasema atafuata kesho. Kesho akapiga simu, foleni ya malori imekuwa ndefu, tajiri wake hamruhusu kutoka. Kesho kutwa, foleni. Siku ya mazishi, foleni. Wajomba walimuuliza mama mbele ya watu, "Mkwe wetu yuko wapi?" Mama akawajibu kwa sauti, foleni. Wakamkalisha nyuma na wasichana ambao hawajaolewa, karibu na masufuria. Akamzika mama yake akiwa amekaa huko.

Foleni haikuwepo. Tuliporudi, Mama Amoit wa nyumba ya pili alikuja kutoa pole. Akasema bila kujua, "Lakini mzee naye alihuzunika. Siku zote tatu amelala tu humu ndani, hata uji ni mimi nilimletea."

Baba alikuwa hajapeleka ng'ombe kwa wakwe. Aliogopa kuulizwa kaburini.

Mama alisikia yale maneno, akaendelea kumimina chai. Hakumwaga hata tone. Hajawahi kumwambia baba kwamba anajua. Ng'ombe walipelekwa mwaka jana, mjomba akatia sahihi barua ya kanisa, kila mtu anaona mambo yamekwisha.

Mimi pia nilitaka yawe yamekwisha. Labda ni hivyo tu.

Jumapili, 6 Julai

Tangazo la kwanza. Yatakuwa matatu, Jumapili tatu. Kasisi alisoma majina ya baba na mama na ya wale vijana, akasema kama kuna mtu anajua sababu yoyote ya hawa kutounganishwa, aiseme. Halafu akangoja kidogo.

Mzee mmoja nyuma akasema, "Hawa walianza kuchumbiana lini?" Kanisa likacheka, baba akacheka, hata kasisi.

Mimi jasho. Uongo wangu ni sababu? Unahesabiwa kama kipingamizi, au ni dhambi yangu peke yangu? Kwenye kipaimara hatukufundishwa hilo.

Wakati wa Meza ya Bwana baba alitoka nje na simu kama kawaida yake. Mama alibaki, akavuta miguu upande ili wengine wapite. Miaka yote anavuta miguu tu, maana asiyefunga ndoa kanisani haruhusiwi mezani. Najua anaitamani ile meza kuliko gauni.

Baada ya ibada, Brian anayepiga kinanda aliniita kando ya tangi la maji. Akasema Bwana amemwekea moyoni kwamba niwe prayer partner wake, yaani mwenzi wake wa maombi. Katika kikundi cha vijana kila mtu anajua maana yake. Ukishakuwa prayer partner wa mtu, wewe ni wa huyo mtu. Nilitaka kusema hapana. Kichwa changu kikaenda juu na chini.

Brian si mbaya. Ni msafi, ana adabu. Lakini simtaki. Mbona kichwa changu kinakubali vitu bila mimi?

Jumatano, 9 Julai

Baba amerudi mapema akipiga mluzi. Baba hapigi mluzi.

Amenunua nyama kilo mbili. Mama akamuuliza, "Kuna mgeni?"

"Kwani mtu hawezi kula nyama kwake?"

Mama akaitazama ile nyama kama imeokotwa.

Nikiwa nje nachambua mboga, baba akaja akasimama kando yangu. Yeye hasimami na mimi, husimama na watu wa malori. Akasema, "Mama yako ni mtu wa maana sana. Mama Kasisi amenidokezea kitu. Kumbe mama yako amenisamehe bila hata mimi kumwomba." Akatikisa kichwa. "Kuna neno nilikuwa nimejipanga kumwambia kabla ya harusi. Nimejipanga miezi. Sasa naona hakuna haja."

Nikauliza neno gani.

"Hayo ni ya wakubwa." Akaenda na mluzi wake.

Sikujua. Sikujua alikuwa amejipanga.

Nimeharibu pande mbili kwa mstari mmoja.

Jumamosi, 12 Julai

Busia na mama, kujaribu gauni. Kibanda cha Fundi Abdala, nyuma ya stendi. Gauni ni la rangi ya maziwa, lina mikono mirefu, ni zuri mpaka linaumiza. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akasema, "Bibi harusi, tabasamu basi! Au linabana?"

"Linabana," mama akasema.

Halikubana. Fundi aliweza kuingiza ngumi nzima kiunoni.

Tulikaa kwenye benchi tukingoja akunje pindo. Mama akaanza kuongea akiangalia barabara, si mimi. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

Alisema aliposema bado, alikuwa anabisha hodi. Alidhani Mama Kasisi akisoma atamwita, atamuuliza, kisha atamwita baba, na baba ataulizwa na mtu ambaye hawezi kumdanganya. Akangoja. Jumatano Mama Kasisi akamshika mikono miwili, akambariki. Akamwomba Jumapili ya tatu asimame atoe ushuhuda kuhusu msamaha.

"Nikaona basi, huko ndivyo kunavyokuwa. Mwanamke anasema bado, wanamwambia ahsante, endelea."

Nilitaka kufa pale kwenye benchi.

"Mama," nikasema.

"Mm?"

"Gauni ni zuri."

Ndiyo niliyosema. Gauni ni zuri. Mungu nisaidie, mimi ni mtu wa namna gani?

Jumapili, 13 Julai

Tangazo la pili. Kasisi akangoja tena. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili nisije nikasimama. Au nilikuwa najivuta nisimame? Sijui. Akaendelea.

Baba sasa anasalimia watu kwa mikono yote miwili. Mama anajibu kwa kichwa. Kadiri baba anavyochangamka ndivyo mama anavyopoa. Ni kama wanatumia moto mmoja.

Mchana Mama Kasisi alizungumza na vijana kuhusu uchumba. Brian alikuwa amenishikia kiti. Nikakikalia. Mama Kasisi si mtu wa kupaza sauti. Alisema, "Mtu akikuuliza kitu na wewe huwezi kumwambia hapana, hapo hamjapendana. Hapo mmetishana." Msichana mmoja akauliza, je, kama humwogopi ila unamwonea huruma? Mama Kasisi akasema, "Ombaomba pia tunamwonea huruma. Unaolewa naye?" Tulicheka sana. Akangoja tunyamaze, akasema Yesu mwenyewe aliwauliza watu kama wanataka kuponywa, hakuwaponya kwa nguvu, basi wewe ni nani wa kumpenda mtu kwa nguvu.

Niliandika hayo yote. Halafu nikaanza kuwaza. Mwanamke huyu anasema mambo kama hayo, mbona hakumuuliza mama? Nikamkasirikia kama dakika moja. Kisha nikakumbuka amesoma nini. Amenisoma mimi.

Jumanne, 15 Julai

Jumanne bila kitabu. Mama amekaa na mikono mapajani. Nilimuuliza kama amefikiria ushuhuda. Akasema atasimama, atasema Bwana asifiwe, atakaa.

Nilimuuliza pia kama atakwenda mezani baada ya harusi. Akasema imeandikwa ukiwa na neno na ndugu yako uache sadaka yako hapo, uende mkapatane kwanza. "Mimi nimeacha yangu miaka miwili. Sasa nimeambiwa niichukue nipite nayo. Nitaenda mezani na mfupa kooni."

Nimejaribu sentensi hii chooni: Mama, si wao, ni mimi. Maneno matano. Chooni nayasema vizuri.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia Brian.

Baada ya mazoezi ya kwaya. Nilifunga mikono nyuma. Nikasema sitaki kuwa prayer partner wake, na kwamba siku ile nilikubali kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukataa, si kwa sababu nilitaka.

Akaangalia chini. Nilifikiri atasema Bwana hakubaliani na mimi.

Akasema, "Lakini tunaweza kuendelea kuombeana?"

Nikasema kila mtu aombe kwao kwanza.

Akacheka. Si kicheko kizuri lakini ni kicheko. Akasema, "Kumbe wewe unajua kuongea." Akarudi kwa kinanda chake, akapiga wimbo wa maombolezo kwa makusudi, nusu ya kwaya ikaangalia nyuma.

Hakuna aliyekufa. Nimetembea mpaka nyumbani nikishangaa. Hakuna aliyekufa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwambia mama.

Tulikuwa tunaanika dagaa wake wa sokoni kwenye neti uani. Jua kali. Nikasema yale maneno matano, nikaongeza mengine, yakatoka vibaya, nikarudia. Nikamwambia niliandika ndiyo. Nikamwambia hata ile ya moyo wote.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema, "Geuza hao wa upande wako, wataungua." Nikageuza. Yeye akageuza wa kwake. Tulimaliza neti nzima bila neno.

Halafu akasema, "Kwa hiyo Mama Kasisi hajui."

"Hajui."

"Hajawahi kujua."

"Hapana, mama."

Akakaa chini, pale pale mchangani, na leso yake safi. Uso wake nilishindwa kuusoma. Ulikuwa kama wa mtu aliyefurahi, na kama wa mtu anayetaka kulia, na mimi nikiwa katikati sijui nimpe maji au nikimbie. Akasema, "Basi hawakuniambia ahsante, endelea. Hakuna aliyeniambia."

Kisha hasira ikaja. Ilichelewa lakini ilikuja. "Mimi kwenye kile kitabu nilikuwa na mdomo mmoja tu. Mkono wako. Nawe ukaufunga."

Nikasema nilitaka mfurahi.

"Nani alikutuma utufurahishe? Wewe ni mtoto wetu, si mshenga wetu."

Ameingia ndani. Hajaongea na mimi tena. Chakula amenipakulia, lakini sahani ameiweka mezani, hakunipa mkononi.

Najisikia vibaya sana. Na pia nimelegea, kama mtu aliyetua mtungi. Vitu hivyo viwili vinakaaje ndani ya mtu mmoja?

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi mama aliniita. "Lete kalamu."

Nikakaa tayari kuandika. Akaninyang'anya kalamu. Akaandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya daftari langu, herufi kubwa. B. A. D ilitazama upande mbaya, akaikata, akaanza tena. Ilimchukua muda. BADO. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi.

Akavaa nguo ya kanisa, tukaenda kwa Mama Kasisi. Njiani alitangulia. Mimi nyuma kama mbuzi wa kuuzwa.

Nilisema yote mbele ya Mama Kasisi. Sikuweza kuangalia juu, kwa hiyo niliyaambia makochi. Mama akaweka karatasi mezani. Mama Kasisi alilisoma lile neno moja kwa muda mrefu sana. Kisha akamwambia mama, si mimi, "Nilisoma lile jibu nikafurahi. Lilikuwa zuri mno, nikalipenda kuliko kukupenda wewe. Nilipaswa kukuuliza kwa mdomo. Nisamehe."

Mama akasema, "Wewe nimekusamehe." Haraka hivyo. Akashangaa mwenyewe.

Mama Kasisi akamuuliza kama anataka harusi isimamishwe. Mama akasema hataki kusimamisha, hataki kuendelea, anataka mtu wake aongee. Alipoulizwa mtu wake alikosa nini, akasema, "Akiulizwa yeye atasema. Nikisema mimi, atakuwa amefichwa tena nyuma ya mwanamke."

Mchana kasisi alimpigia baba simu aende kwake. Aliporudi hapakuwa na mluzi. Alikaa nje kwenye kigoda na viatu vyake mpaka kuku wakaingia kulala. Ekisa alienda kumwonyesha gari lake la waya, baba akalishika kichwa chini miguu juu, akasema ni zuri.

Mimi ndiye nimefanya hivi.

Jumapili, 20 Julai

Tangazo la tatu halikusomwa. La wale vijana lilisomwa, la wazazi wangu hapana. Kasisi alifunga daftari akatangaza wimbo. Watu walijigeuza. Nilisikia mtu, "Ala! Na wale wetu?" Mercy alikuwa safu ya pili na mama yake. Aliniangalia. Nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ushuhuda wa mama nao haukuitwa.

Meza ya Bwana ilipofika nilingoja baba achukue simu. Hakutoka. Alibaki pale pale, na watu walipopita akavuta miguu upande, yeye na mama, pamoja. Hawakuangaliana.

Tumerudi nyumbani tukiwa wanne. Ekisa aliuliza kama keki itakuwepo au la. Hakuna aliyemjibu.

Jumatatu, 21 Julai

Nilipotoka shule baba alikuwa nyumbani. Alinifuata hadi chumbani na kalamu. Akasema, "Mwandiko wako ni mzuri, na maneno unayajua. Niandikie kitu cha kumsomea mama yako. Si kirefu."

Nikasema hapana.

Sijawahi kumwambia baba hapana maishani mwangu. Alinitazama kama lori limemjibu.

"Hata mwanzo tu?"

"Hata mwanzo, baba. Mimi siandikii mtu tena."

Akasimama pale akizungusha kalamu. Nikaona anaogopa. Baba, anayegombana na madereva wa Kampala na askari wa mpakani, anaogopa kuingia jikoni kwake. Nikamwonea huruma, nikakumbuka ombaomba, nikakaza moyo.

Akaingia.

Nilisikia mwanzo tu. Kijiko cha mama kilikoma kukoroga. Baba akasema, "Foleni haikuwepo."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu matanga."

Kijiko kikaanza tena kukoroga. Kisha sauti ya baba, iliyopasuka, "Na ulikuwa unanipikia tu?"

Nikachukua mtungi nikamvuta Ekisa tukaenda kuteka maji. Mtungi ulikuwa umejaa. Niliumwaga njiani.

Alhamisi, 24 Julai

Wameenda Osieko leo, alfajiri baada ya uji. Wawili tu.

Mama ndiye aliyetaka. Alimwambia baba, "Mimi umeniambia. Sasa kawaambie wale walioniuliza." Yaani wajomba. Yaani asimame pale kaburini kwa Kukhu na kusema mbele yao kwamba alikuwa nyumbani amelala.

Baba hakubisha. Lakini alifunga vifungo vya shati vibaya, kimoja kikazidi juu, mama akamwona, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akamwambia tu, "Vifungo." Baba akavifunga upya.

Nilimuuliza mama kama harusi ipo. Akasema, "Nitakwambia nikijua." Halafu akasimama mlangoni na mkoba wake. "Na nikikwambia, usiniongezee maneno."

Nadhani ulikuwa utani. Sina uhakika. Alinishika shavu alipokuwa anasema, kwa hiyo nadhani ulikuwa utani.

Ijumaa, 25 Julai

Shule. Mvua kidogo mchana. Mercy ameniuliza kwa sauti ya chini kama wazazi wangu wako sawa. Nikamwambia sijui. Akasema wake hawaongei tangu Pasaka. Hatukusema zaidi. Tulikula miwa yake.

Nimepika ugali na kabeji. Ekisa amekula, amelalia kitabu chake cha hesabu.

Nimejaribu kuomba. Zamani ningeomba harusi iwepo, tarehe mbili, na mvua isinyeshe. Leo nimepiga magoti na sijui niombe nini. Nikiomba mama asamehe, namharakisha tena. Nikiomba asisamehe, hiyo ni sala gani? Mwishoni nimetaja majina yao mawili, kisha nikanyamaza. Sijui kama inahesabiwa.

Sijui ndoa ni nini. Nilidhani ni ile siku. Kisha nikadhani ni kutokuwa na neno moyoni. Sasa naona watu wawili wamesafiri siku nzima kwenda kusema jambo moja la aibu, na bado sijui kama wakirudi watakuwa mke na mume zaidi au kidogo.

Mlango wa bati wa uani umelia.

Hatua. Za baba nazijua, anaburuta kisigino cha kushoto. Za mama ni za haraka, humwacha baba nyuma kila mahali, sokoni, kanisani, hata hapa uani.

Leo hazijamwacha. Zinakuja pamoja, pole pole, kisigino kinaburutwa na nyingine zinakingoja.

Hawasemi kitu. Sijui kama ni ndiyo au bado.

Wamefika mlangoni. Nafunika ukurasa kwa mk—